Mpangaji Wangu Ameacha Kunitukana

Majidi Lukumani,
Fundi seremala na mwenye nyumba,
Ng'ambo, Tabora.

Kwa Wakili Levina Mathias,
Mwandishi wa vijitabu vya sheria za nyumba,
Tabora mjini.

Mwanangu Wakili,

YAH: OMBI LA KUKUTAKA UANDIKE SHERIA ISIELEWEKE TENA

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ndiye fundi niliyekutengenezea ile meza ya mninga ulipofungua ofisi, ile ambayo mguu mmoja ulitoka mfupi kidogo nikauwekea kipande cha bati. Kama bado inacheza nipe habari nije na randa. Hilo ni jukumu langu na halihusiani na malalamiko haya.

Naandika kwa masikitiko lakini bila hasira. Marehemu mke wangu, Swaumu, alikuwa akisema mtu mwenye hasira asishike kalamu wala patasi. Nimesubiri hasira iishe. Imeisha, yamebaki malalamiko, nami nakuwekea kwa namba kama unavyopenda kuandika wewe mwenyewe.

1. Lalamiko la kwanza linahusu kazi yako yote, tangu mwanzo.

Ulipokuja hapa Tabora hukuwa ukijulikana. Mawakili wenzako walikuwa na mabango makubwa na vioo vyeusi vya kuwatisha watu wasiingie. Wewe ulianza na karatasi moja uliyoibandika ukutani sokoni: "Mpangaji, Jua Haya Kabla Hujahamia." Watu wakadhani ni tangazo la mganga, wakasogea kusoma. Matatizo yalianzia hapo, kwa sababu walielewa.

Baadaye ukaingia redioni, Jumamosi asubuhi, ukawa unazungumza kama mtu anayezungumza na shangazi yake. Halafu ukaenda gazetini. Halafu kikaja kijitabu cha wapangaji, na sisi wenye nyumba tuliponuna ukatuandikia cha kwetu. Sasa umeviunganisha kuwa kimoja chenye jalada la kijani, *Mlango Una Pande Mbili*, nacho kimefika hadi Urambo, ambako wakulima wa tumbaku wanakisoma wakisubiri mnunuzi. Nasikia na kule Kipalapala watu wanaazimana mpaka jalada limetoka. Mawakili wenzako wana magari. Wewe una wasomaji, na gari afadhali, maana gari huegeshwa likatulia.

Nakiri kwamba katika balaa hili nami nimetia mkono. Siku niliyoleta meza ulinikalisha juu ya boksi ukanisomea ukurasa uliokuwa ukiuandika. Kila niliposema "hapo sijaelewa," ulikata. Ulikuwa umeandika, "Mpangishwaji atawajibika kwa uharibifu kwa mujibu wa masharti yaliyobainishwa hapo juu." Nikasema sijaelewa. Ukakata, ukaandika, "Ukivunja dirisha, litengeneze." Nilifurahi nikaenda kumsimulia Swaumu njia nzima nikicheka peke yangu. Ningejua yatakayonipata, ningetikisa kichwa tu na kusema "naam, naam," kama tunavyofanya mbele ya wasomi wengine wote.

Zamani sheria ilikuwa kitu cha kuogopwa, mwanangu, na hofu hiyo ilikuwa na faida zake. Mtu akitajiwa mahakama aliona afadhali asamehe. Ugomvi mwingi wa Ng'ambo ulikufa kwa sababu hakuna aliyejua kuuandika. Wewe umekuja kuufufua kwa lugha nyepesi.

2. Lalamiko la pili ni la hodi.

Nyumba yangu ni ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, baraza mbele. Milango yote nimeitengeneza mwenyewe. Katika chumba cha kwanza kushoto anakaa Mwalimu Consolatha, anafundisha shule ya msingi, ni Mkatoliki mpole ambaye hata kuku anamwambia "samahani" akimfukuza. Siku moja nikaingia kwake kuangalia pale bati linapovuja, kama nilivyozoea. Nikamkuta anasahihisha madaftari. Hakugomba. Alisema tu, "Shikamoo, mzee Majidi. Ukurasa wa kumi na nane."

Nikasema marahaba, nikatoka, nikaenda kuusoma ukurasa wa kumi na nane. Unasema mwenye nyumba apige hodi na asubiri kukaribishwa, hata kama nyumba ni yake, hata kama mlango kaupiga randa mwenyewe. Haya. Nimetii. Sasa mkono umezoea, napiga hodi kila mahali. Juzi nimepiga hodi kwenye banda la kuku. Jogoo hakunikaribisha, na mayai nikayaacha.

3. Lalamiko la tatu linamhusu jirani yangu Mustafa, lakini kosa ni lako.

Mustafa ni mwenye nyumba ambaye mlango wa choo chake ulikuwa gunia. Wapangaji wake walikuwa wakiimba wakiwa ndani ili watu wajue kuna mtu. Alisoma kijitabu chako akadhani umemwandikia yeye. Alikuja karakanani kwangu uso umemshuka, akaagiza mlango wa mbao wenye komeo. Nimeutengeneza, na ni mlango mzuri, sikatai. Lakini wapangaji wangu walipouona wakarudi nyumbani wakautazama wa kwetu juu mpaka chini. Zamani sisi wenye nyumba tulishindana kwa ukali, mashindano ambayo hayana gharama. Wewe umetuingiza kwenye mashindano ya vyoo.

4. Hayo matatu ningeyavumilia. Hili la nne ndilo lililonifanya ninunue karatasi.

Katika chumba cha mbele anakaa Uwesu, fundi cherehani, ambaye mashine yake iko barazani kwangu. Uwesu ni Mzaramo wa Kisarawe. Mimi ni Mnyamwezi. Wewe umetoka huko ziwani, kwa hiyo niruhusu nikueleze: sisi ni watani. Babu zangu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani, na huko mwisho wa safari wakapita kwa babu zake. Wapitaji walikuwa na njaa, wenyeji walikuwa na mikuki, na njia nzima hapakuwa na wakili. Wakaona badala ya kuuana, watukanane. Mtani akikutukana huna ruhusa ya kukasirika. Akichukua kuku wako, huyo kuku ni wake. Na ukifiwa, yeye ndiye mwenye kazi ya kuhakikisha hulii mpaka ukauke. Huo ndio mkataba wetu. Haujaandikwa, na sijawahi kusikia mtu aliyedai nakala.

Uwesu amekaa kwangu tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Siku ya kwanza alipoletwa kuangalia chumba, hakuangalia chumba. Aliangalia mlango, akasema, "Mpagazi, huu umeuranda kwa meno?"

Swaumu akatoka jikoni na mwiko. "Na wewe mcheza ngoma, tangu lini kwenu kukawa na milango? Si mnajifunika makuti mkalala?"

Wakaelewana papo hapo. Habari za kodi walizungumza baadaye sana, kama kitu kidogo walichokuwa wamekisahau.

Kuanzia hapo asubuhi zangu zote zilianza kwa matusi. "Mla viazi vikavu, mla matobolwa! Jua limetoka, mizigo inakungoja!" Nami nilimjibu kupitia ukutani. Swaumu alikuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, kwa sababu ya pengo la jino ambalo aliamini hakuna aliyeliona. Tulikuwa tumeliona sote. Uwesu peke yake ndiye hakulitaja hata siku moja, pamoja na utani wake wote, na mimi jambo hilo nalikumbuka.

Swaumu alifariki mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaishia. Jeneza lilipotaka kutoka, Uwesu alijilaza mlangoni, kajifunga kanga ya marehemu kiunoni. Akapiga kelele: "Hatoki mtu hapa! Mama huyu hajamaliza kunitukana! Na huyu mumewe si mpagazi? Ambebe peke yake, sisi tufuate nyuma mikono mitupu kama mabwana!" Mashemeji walipompa jogoo ndipo akainuka. Nilicheka, mwanangu. Siku ile, jeneza la mke wangu likiwa mbele yangu, nilicheka, na katikati ya kicheko machozi yakapata njia. Tangu alfajiri yalikuwa yamekataa kutoka. Kisha Uwesu akatangulia kubeba, bega la mbele, na hakukubali kupokewa mpaka makaburini.

Baada ya arobaini nikabaki na nyumba. Makubaliano yote na wapangaji alikuwa nayo Swaumu kichwani: nani atengeneze nini, nani kaahidiwa nini, nani asidaiwe haraka kwa sababu mwanawe anaumwa. Sikuwa nayo mimi. Nikaogopa nisije nikamdhulumu mtu kwa kutojua. Nikanunua kijitabu chako. Mwishoni uliweka mfano wa mkataba, nami nikaunakili kwa mkono, nakala kwa kila chumba, sikuruka kitu. Ndani yake kuna Kifungu cha Tisa kisemacho: "Mwenye nyumba na mpangaji watazungumza kwa staha. Matusi na kejeli haviruhusiwi."

Uwesu alipofika Kifungu cha Tisa alicheka. Akaniangalia, akingoja nami nicheke. Sikucheka. Nilikuwa nimechoka, na niliona karatasi ya wakili si kitu cha kuchezea. Nikamwambia, "Soma vizuri, Uwesu. Hii ni sheria."

Akasoma tena, polepole. Akavua kofia, akatia saini, akanirudishia kalamu kwa mikono miwili.

Kesho yake asubuhi alisimama ukumbini akasema, "Shikamoo, mwenye nyumba."

Wakili, mimi na yule mtu tunalingana. Meno yetu yameanza kutoka msimu mmoja. Nilisimama pale na mswaki mdomoni, nikasema marahaba. Tangu asubuhi hiyo hatujatoka hapo.

5. Lalamiko la tano ni kwamba heshima ya Uwesu inaongezeka, na hakuna kifungu cha kuizuia.

Bati likivuja kwake, zamani alikuwa akipiga kelele, "Mpagazi, njoo ulale wewe huku uoge!" Siku hizi ananiletea karatasi: "Ninaomba kwa heshima kukujulisha." Kodi analeta kabla ya siku yake, jambo ambalo katika Ng'ambo linaleta wasiwasi. Akipika mihogo ya nazi haji tena na sahani kusema, "Kula, mtu wa bara, angalau leo uonje chakula." Anamtuma Mwalimu Consolatha, sahani imefunikwa kitambaa, na salamu kwamba "mwenye nyumba apokee akipenda."

Nilijaribu kurekebisha. Siku moja alipokuwa anashona nilipita barazani nikamwambia, "Mcheza ngoma, hiyo ni suruali au gunia la tumbaku?" Tusi hilo nilikuwa nimeliandaa tangu jana yake. Alisimamisha mashine. Akasema, "Nimekusamehe, mwenye nyumba. Kwa Kifungu cha Tisa ningeweza kulalamika, lakini najua umefiwa."

Sijawahi kutukanwa hivyo maishani mwangu.

Na sikiliza hili. Mvua zilizopita niliugua malaria. Nilikuwa chumbani, homa imepanda, namwita Swaumu kama mtu mjinga. Uwesu alisikia. Akaja mpaka mlangoni akapiga hodi, kwa sababu kijitabu chako kinasema hodi ni ya pande zote mbili. Nilimsikia lakini sikuweza kujibu. Hakukaribishwa, kwa hiyo hakuingia. Alileta kigoda akakaa nje ya mlango, akawa anasema kila baada ya muda, "Bado nipo, mwenye nyumba. Bado naomba ruhusa." Alikaa hapo mpaka Mwalimu Consolatha aliporudi kutoka shule na kuusukuma mlango bila kutaja ukurasa wowote. Zamani Uwesu angeingia kwa teke, angenivuta mguu akasema, "Amka, wavivu wa Unyamwezi hawafi kwa mbu." Angeniponya kabla ya dawa.

6. Lalamiko la sita, na la mwisho: amenipa notisi.

Niliikuta sakafuni, imepitishwa chini ya mlango. Mwandiko mzuri. "Nakujulisha kwa heshima na taadhima kwamba nitahama baada ya mwezi mmoja kutoka leo." Sababu haikuandikwa. Nikafungua kijitabu chako, nikakuta kwamba mpangaji halazimiki kutoa sababu. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi nikitafuta mahali ambapo mwenye nyumba anaruhusiwa kuuliza kwa nini. Hukuweka.

Mwalimu Consolatha ndiye aliyeniambia, kwa huruma, na sidhani kama alitumwa. Anasema Uwesu anarudi Kisarawe na mashine yake. Alimwambia hivi: "Mwalimu, ile nyumba imekuwa kama ofisi. Mwenzangu hataki tena kuchekeshwa. Mtani asiyetakiwa anakaa kufanya nini?"

Mwanangu Wakili, Swaumu hakunipa notisi hata ya siku moja, na sikulalamika popote. Huyu amenipa mwezi mzima, na ni huo mwezi unaonimaliza. Kila asubuhi nasikia cherehani, nahesabu moyoni, nasikia shikamoo, naitikia. Siwezi kumwambia baki, kwa sababu mkataba nilioandika kwa mkono wangu unasema ana haki ya kuondoka, na mimi ndiye niliyesema ni sheria.

Sasa ifuate mantiki yangu, nawe utaona nilikofika. Kama sheria ya notisi ingeandikwa kwa lugha ya mawakili, Uwesu asingeielewa. Asingeielewa, asingejua kwamba anaweza kuondoka. Asingejua, angekaa. Angekaa, angechoka kusema shikamoo, maana hakuna Mzaramo anayeweza adabu muda mrefu. Kwa hiyo anayemtoa Uwesu nyumbani kwangu ni wewe, kwa kalamu yako, juu ya meza yangu.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo:

(a) Vijitabu vyote vya *Mlango Una Pande Mbili* vikusanywe, kuanzia Ng'ambo mpaka Urambo, na cha Mwalimu Consolatha kiwe cha kwanza.

(b) Uandike upya kwa lugha ya wanasheria halisi. Nimejaribu kukusaidia. Pale uliposema "Mpangaji anaweza kuhama," andika: "Bila kuathiri ujumla wa masharti yatanguliayo, ukaaji utahesabiwa kukoma endapo na pale ambapo." Uishie hapo kwenye "pale ambapo." Mtu akifika hapo atarudi kushona.

(c) Kifungu cha Tisa kisomeke hivi: "Mpangaji aliye mtani wa mwenye nyumba atamtukana kila asubuhi, isipokuwa Ijumaa, ambapo anaweza kusubiri mpaka baada ya swala. Tusi liwe jipya. Kurudia la jana ni kuvunja mkataba. Mwenye nyumba atajibu, na kama amefiwa atapewa muda wa kufikiri."

(d) Mwenye nyumba aliyefiwa asipewe notisi mpaka atakapozoea kula peke yake. Wa kuamua kama amezoea ni yeye mwenyewe, na asiharakishwe.

(e) Kama hayo yote hayawezekani, basi ifunguliwe mahakama ndogo ya matusi yaliyozuiliwa, ambapo mtu anaweza kudai aliyokuwa akitukanwa zamani. Nina madai ya karibu mwaka mzima. Meza ya hakimu nitaitengeneza, na miguu yote itakuwa sawa.

Najua utasema watu wengi umewasaidia. Ni kweli. Kuna mjane nyuma ya soko aliyekuwa anatolewa chumbani pamoja na watoto wake wachanga, akasoma ukurasa wako mbele ya dalali, dalali akaondoka. Yupo hata leo, anauza maandazi. Sikatai kwamba kwa watu wasiopendana kazi yako ni kubwa. Wao hawana kingine cha kushikilia. Lakini sisi wawili tulikuwa nacho, na hakuna ukurasa uliotuonya tusikiguse.

Naomba nimalize hapa, maana kalamu imeanza kunikwaruza roho. Nisalimie mama yako aliyeniletea chai siku ile ya meza, akanisifia mninga kwa dhati. Nisalimie karani wako na watu wote wa ofisini, na wasikilizaji wako wa Jumamosi, hata wale wanaonidhuru bila kujua. Mwalimu Consolatha anakusalimu na anasema anasubiri toleo jipya. Mimi sijamjibu.

Wako mwenye kuelewa kupita kiasi,

Majidi Lukumani,
Seremala.

Nyongeza: Barua hii haikutumwa siku ile, kwa sababu nilitaka kwanza kunakili ukurasa wako wa notisi ili nikuaibishe kwa maneno yako mwenyewe. Nikausoma kwa kidole. Unasema notisi ikabidhiwe mkononi mwa anayepewa, mbele ya shahidi, la sivyo haihesabiki. Ile ya Uwesu ilipitishwa chini ya mlango. Kwa hiyo mimi sijapewa notisi yoyote!

Nilikimbia kumwambia Mwalimu Consolatha, akasoma, akasema ni kweli. Bahati mbaya dirisha lake liko karibu na baraza, Uwesu akasikia. Akaichukua karatasi pale nilipoiacha, akaanza kunitafuta anikabidhi. Mimi nikatokea uani. Alinifuata msikitini, nikakaa safu ya mbele na kuongeza rakaa za sunna ambazo sijaziswali tangu ujana. Alinifuata sokoni, nikainama kwenye dagaa. Mwishowe akanifikia karakanani, amemleta na Mwalimu awe shahidi, na mimi sina pa kutokea. Nikaingia ndani ya kabati la mteja, nikavuta mlango.

Nilimsikia Uwesu anahema, maana naye si kijana. Halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipotia saini: "We Majidi! Mpagazi gani wewe unajifungia ndani ya mzigo? Nani atakubeba?"

Nikamjibu humo humo ndani. Nilichomjibu sitakiandika kwa wakili wa kike. Mwalimu alijifanya anatafuta ukurasa. Uwesu akajibu, nami nikajibu, na nilipotoka alikuwa amekaa kwenye maranda yangu anafuta macho, anasema mimi ni mzee asiye na aibu na kabati lenyewe limekaa upande.

Kwa hiyo yafute maombi (a) mpaka (e). Usikusanye kitu. Ukurasa wa notisi uuchape kwa herufi kubwa, maana huo ndio uliomzuia. Kifungu cha Tisa tumekivunja sote wawili mbele ya shahidi, na kila asubuhi tunaendelea kukivunja. Tafadhali tuandikie adhabu yake, kwa lugha nyepesi, tuigawane.

Karatasi ya notisi ameikata kuwa kipimo cha kola ya shati langu la Idi. Ameipima, ameipima tena, anasema haitoshi: hajawahi kuona shingo nene namna hii kwa kiumbe asiyevuta mkokoteni.